Matundu ya Misumari kwenye Sanduku Lako

Namswea, Jumapili baada ya misa

Desderia,

Sikuulizi hali, maana naisikia kutoka hapa. Uko kwa shangazi yako, nyumba ya tatu, unaaga, na unacheka kile kicheko cha upande wa mama yako kinachovuka mashamba mawili ya kahawa bila kuchoka. Na mimi sikuambii kwamba sijambo. Nimekasirika. Nimekasirika tangu siku uliyorudi kutoka ofisi ya elimu pale Mbinga na barua yako ya kupangiwa shule, ukaiweka mezani mbele yangu, nikaisoma, nikaona jina la kijiji cha mjomba wako. Nikasema serikali hii haina huruma, imekutupa ziwani. Ukanijibu, bila hata kuinamisha macho, kwamba serikali haikukutupa. Wewe mwenyewe uliomba.

Uliomba. Shule za huku mlimani, kuanzia kwetu mpaka Litumbandyosi, zinalia hazina walimu, na binti yangu anaomba kwenda kufundisha kando ya ziwa, akae nyumbani kwa mtu ambaye jina lake halijatajwa chini ya paa hili kwa miaka tisa. Niliitupa ile karatasi chini. Ukaiokota, ukaifuta vumbi, ukaikunja. Hata huo utulivu wako niliuchukia.

Kwa hiyo usidhani naandika kwa kupenda. Naandika kwa kulazimishwa, na aliyenilazimisha ni mama yako. Jana mchana alikuja karakana, akasimama penye maranda, mahali ambapo huwa hafiki, akasema, "Nitamsindikiza mtoto mpaka kwetu. Nataka nilione kaburi la mama yangu. Sikuombi ruhusa, Baba Desderia, nakuarifu."

Nikamuuliza atarudi lini.

"Hilo unalo wewe," akasema. "Mwandikie mtoto ukweli wa ile boti. Ataisoma barua yako kwa sauti, mbele ya kaka yangu, na mimi nikisikiliza. Ikiwa ya kweli, narudi na gari la Ijumaa. Ikiwa ni ile hadithi yako, kahawa yako utaivuna mwenyewe."

Miaka ishirini na minne ya ndoa, hajawahi kunitishia. Na hata jana hakupandisha sauti. Nilibaki na randa mkononi nikijiuliza swali moja: kumbe alikuwa anajua? Miaka yote tisa amekuwa akinipakulia ugali, akinifulia mashati, huku anajua?

Basi ndiyo hali ilivyo. Maagizo ya kuchemsha maji na kufunga chandarua sitayaandika. Mama yako atakuwa kando yako kwenye gari, na atakuagiza mpaka masikio yakuume. Mimi nina kazi moja tu katika barua hii, na sina hamu nayo.

Na wewe, shemeji Wilson, kama unasikiliza, na najua unasikiliza, usitabasamu. Bado sijafika kwako.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, Desderia. Ilikuwa misimu ile ya kwanza wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku na malori yao. Kabla ya hapo tulikuwa na chama cha ushirika: unapeleka kahawa yako, unasubiri malipo, unasubiri mpaka unasahau ulikuwa unasubiri nini. Ghafla mtu anakuja mpaka uani kwako na mizani yake, anakulipa pale pale. Kila mtu akageuka mfanyabiashara. Ilikuwa ruksa. Mwalimu akauza mafuta ya taa dirishani, mganga wa zahanati akafungua duka, katekista akaleta mashine ya kusaga. Leo wanunuzi hao hao wanatupangia bei kama wanatuonea huruma, na wengi wao hata hawapandi tena mlima. Lakini wakati ule nani angetuambia? Mimi, fundi seremala, niliyetengeneza mabenchi ya kanisa, na milango ya nusu ya nyumba za huku, na majeneza ya wenye nyumba hizo, nilijiona mjinga wa mwisho kubaki na milango yangu.

Nikaamua niwe na boti. Boti ya mbao, kubwa, ya kufunga injini, ibebe watu na mizigo kando ya ziwa mpaka Mbamba Bay, kwa kuwa barabara ya kule wakati wa mvua ilikuwa jina tu. Wazo lenyewe halikuwa baya. Mpaka leo nasema halikuwa baya.

Mama yako aliniambia neno moja la akili: "Kaka yangu anajenga boti tangu hajaota ndevu. Mwambie akujengee." Nikamjibu kwamba ubao ni ubao. Nilikuwa nimemuoa binti wa Kianglikana kutoka ziwani, nikamleta mlimani akawa Mkatoliki, akajifunza Kimatengo, akajifunza kulima mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha miteremkoni, mgongo ukiuma, na mambo yote hayo niliyahesabu kuwa ni yeye kujifunza kwangu. Mimi kujifunza kwao hakukunijia akilini hata mara moja.

Nikaijenga hapa uani. Unakumbuka, maana ulikuwa unakalia magogo yake ukifanya hesabu zako za shule. Nilikata mikaratusi ya mpakani mwa shamba, ile niliyoipanda mwaka niliooa. Nikaipasua, na mbao nikazipanga darini juu ya jiko la mama yako, zikapigwa moshi misimu miwili mpaka ukizigonga zinalia kama kengele. Hivyo ndivyo ninavyokausha mbao za milango. Mlango wa ubao mbichi hupinda, na fundi hutukanwa. Kisha nikaziunga kama ninavyounga milango: ubao huu nauchonga ulimi ukingoni, ule nauchimba mfereji, ulimi unaingia kwenye mfereji, napiga nyundo mpaka mstari wa katikati unapotea. Hukuweza kupitisha unywele katikati ya mbao zile. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali wakipitisha kucha zao pale wasione pa kukwama, wakatikisa vichwa. Nilinenepa kwa sifa.

Ndipo mjomba wako akaja. Alipanda na gari la samaki, ameleta mbasa wakavu wa mama yako. Mama yako akachinja kuku. Uani walikuwapo wanaume watano wa ukoo wangu wakinywa pombe na kuitazama boti kama wanaotazama askofu. Wilson akaizunguka. Akapiga kidole hapa, akalaza shavu pale. Akazunguka tena. Mimi nasubiri sifa.

"Shemeji," akasema, "umejenga kabati."

Wale watano walicheka. Mmoja alicheka mpaka akamwaga pombe. Nataka uelewe, mwanangu, kwamba yote yaliyofuata yalitoka kwenye kicheko kile. Angeniambia neno hilo hilo tukiwa wawili, labda ningemsikiliza. Labda. Siku hizi naweka hiyo labda kwa sababu sijiamini tena.

Hakuishia hapo. Aliweka mkono juu ya mbao zangu, akasema kwa upole, akichagua maneno, maana mimi na yeye tulikuwa tunakutana kwenye Kiswahili tu: "Ubao mkavu ukiingia majini unakunywa. Ukinywa, unanenepa. Ukinenepa, unataka nafasi. Hukuupa nafasi, shemeji. Utaitafuta wenyewe." Akaomba nimwachie aifungue, aziunge upya zile mbao kwa mwachano mdogo, ajaze pamba na lami katikati, kama wanavyofanya wao. Hakuomba malipo.

Nikamjibu mbele ya wote. Nilisema, "Sisi huku ubao tunafundishwa na watu wa ubao. Walaji wa usipa watufundishe kuvua."

Usipa ni vile vidagaa vyao, unavijua, unavipenda. Nilivitaja kama mtu anavyotaja uchafu. Mama yako alikuwa ametoka jikoni na beseni la maji, na kaka yake alikuwa ameshanawa mikono. Alisimama na mikono yake inachuruzika maji. Akaifuta kwenye suruali, akaagana na dada yake kwa Kinyasa, akaondoka. Kuku akabaki kwenye sufuria. Shemeji amenawa mikono nyumbani kwangu na ameondoka bila kula. Kwa watu wetu na kwa watu wao, hakuna tusi linalozidi hilo, na nililitoa mimi, kwa sababu watu watano walicheka.

Kabla ya kuandika hili linalofuata nimeacha kalamu. Nimeinuka, nimenoa patasi ambayo haikuhitaji kunolewa.

Siku ya kuipeleka niliita ngokela. Tangu babu zetu, ngokela ni ya shamba: watu wanalima kwako leo, kesho kwa mwingine, jioni pombe. Hakuna aliyewahi kusikia ngokela ya boti. Walikuja wote. Waliibeba kwa miti mabegani mpaka kwenye lori, wanawake wakiimba, nami nimetangulia mbele nimevaa koti la harusi yangu. Tukashuka, pale Tingi tukasimama watu waione, nikaeleza, nikajisifu, tukaendelea. Jumamosi ikaingia majini. Haikuvuja tone. Nilitembea ufukweni mbele ya wavuvi nikiuliza kwa sauti nani anataka kununua kabati. Mjomba wako alikuwa anashona nyavu. Hakunyanyua kichwa.

Nilikataa kulala kwake. Nililala kwa katekista wa kule. Mama yako na wewe mlilala kwa bibi yako.

Jumatatu asubuhi ilikuwa safari ya kwanza. Hii unaikumbuka, kwa sababu ulivaa viatu vipya ukavivua ili visilowe. Abiria kumi na mmoja, na wewe na mama yako. Na Wilson amesimama majini mpaka kiunoni, ameshika kichwa cha boti, anasema hapandi mtu. "Isikilizeni," alisema. "Inalia." Ilikuwa inalia kweli, Desderia. Mlio mdogo, kama kitanda cha kamba mtu anapojigeuza. Niliusikia. Niliusikia kabla yake, tangu Jumapili jioni, na nikajiambia ni mawimbi.

Nilimsukuma. Akaanguka majini, akainuka, akarudi kushika pale pale. Nikamsukuma tena. Tukiwa hivyo, ubao wa tatu kutoka chini uliachia, kwa mshindo kama bunduki, kisha wa nne, kisha mbavu za ndani zikavunjika moja baada ya nyingine, na boti yangu ikajaa maji mbele ya macho ya watu haraka kuliko ninavyoandika sentensi hii. Hakuna aliyekuwa ndani. Kama angeachia mikono, ungekuwa ndani wewe na mama yako, katikati ya ziwa. Yeye ndiye aliyekuzuia, si mimi. Mimi nilikuwa namsukuma.

Umesoma vizuri. Rudia, mama yako asikose neno.

Sasa sikiliza uongo ulivyozaliwa. Tulizivuta zile mbao ufukweni. Nikazigeuza, nikatazama matundu ya misumari. Mimi ni seremala, nasoma tundu la msumari kama wewe unavyosoma daftari. Msumari ukingolewa na mtu, nyundo huacha alama, ubao unabonyea pembeni, na tundu linabaki mviringo. Matundu yale hayakuwa na alama ya nyundo hata moja. Yalikuwa yamevutwa upande mmoja, marefu kama punje ya mpunga. Mbao zilikuwa zimenenepa, zikasukumana, zikaburuta misumari yangu. Kila alichosema Wilson kilikuwa kimeandikwa pale. Nilikielewa pale pale, nimechuchumaa, maji yananichuruzika. Sikuhitaji siku moja ya kufikiri.

Nikasimama nikasema, "Misumari imengolewa usiku."

Hivyo tu. Nilipoona mtu mmoja amegeuza shingo kumtazama Wilson, nikaendelea. Nikauliza: yeye alijuaje? Kama si yeye, alijuaje mpaka akazuia watu wasipande?

Nilirudi mlimani na swali hilo. Nililipeleka sengu, pale wanaume wa ukoo tuliobaki na desturi hiyo tunapokula pamoja kwa babu yako mkubwa na kuamua mambo. Nilikuwa nimewachosha mabega watu wale kwa boti yangu. Nilikuwa nimewaambia watu wa mlima mzima kwamba mla usipa hajui ubao. Ningerudi niwaambie nini? Kwamba niliambiwa mapema, bure, na sikusikia? Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Pale liliharibika, na wengi walikuwapo. Wazee wakauliza, "Kweli, alijuaje?" wakatikisa vichwa, na neno likishatoka sengu si la mtu mmoja tena, ni la ukoo. Ikakatazwa kwenda kwake, ikakatazwa kupokea samaki wake. Aliyewaokoa mke wangu na mtoto wangu nilimtia hatiani kwa uokozi wake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka tisa na bado ningeendelea kuitembea kama mama yako asingesimama kwenye maranda.

Halafu bibi yako akafa, mwaka wa pili. Habari zilikuja na dereva wa gari la samaki, ambaye hakushuka hata kwenye gari, alisimulia dirishani. Mama yako alianza kufunga nguo. Nilimwambia, "Ukienda kwenye ufukwe ule, chukua na kitanda chako." Nilijua nasema nini. Nilijua akifika kule wataongea, na wakiongea nitaumbuka. Sikuwa na hasira naye hata kidogo siku ile, nilikuwa na hofu, na nikaivalisha hofu yangu ukali wa mume. Alifungua ule mzigo, akarudisha nguo moja moja sandukuni. Akaingia jikoni, akafunga mlango, akaimba nyimbo zao za msiba peke yake kwa Kinyasa, mpaka maharage yakaungua. Mlikuwa watoto watatu, bado wadogo. Alibaki kwa ajili yenu. Sikumlipia hata neno la pole. Pole nampa leo, humu, mbele ya kaka yake, na najua imechacha.

Haya. Nimefika kwenye sanduku.

Zile mbao hazikutupwa. Nilizipandisha na lori, kwa kuwa fundi hatupi ubao, na ulipokwenda chuo cha ualimu nilikutengenezea sanduku la nguo kwa mbao hizo. Hilo unajua. Usilojua ni kwamba mbao zenye matundu nilizigeuzia ndani, chini ya kile kitambaa cha maua nilichokipigilia, ukadhani baba ana mapenzi na urembo. Miaka miwili umelala kando ya ushahidi wangu.

Ulipoleta barua ya shule, jambo la kwanza nililofikiri halikuwa wewe. Nilifikiri: sanduku linakwenda kwa Wilson. Siku moja kitambaa kitachanika, atafunua, na yule mtu atasoma matundu yale kwa dakika moja. Ndiyo maana wiki hii nzima nimekutengenezea sanduku jipya la mbao za msindano, lenye vipini vya shaba. Ulilipiga picha na wadogo zako. Ulinishika mkono ukasema, "Asante, baba, kumbe hujakasirika." Sikulitengeneza kwa upendo, Desderia. Nilitaka uache lile la zamani nyumbani, nilipasue kuni Jumatatu. Nakuambia hili ujue jinsi uongo unavyofanya kazi: haukuachii hata zawadi moja safi ya kumpa mtoto.

Nimevitoa vitu vyako vyote kwenye hilo jipya sasa hivi, wakati unacheka huko. Nimevirudisha kwenye la zamani. Nimeng'oa kitambaa cha maua. Utakapofungua kuweka barua hii utayaona matundu, safu nzima kwenye kifuniko, na pembeni ya tundu moja bado kuna kutu ya msumari wangu. Usilifunike. Lile la msindano atabaki nalo mdogo wako, lina vipini vizuri.

Wewe ni mwalimu sasa, na mimi sina elimu ya kukufundisha kufundisha. Nakuambia hiki kimoja tu, kwa sababu nimekinunua kwa bei mbaya. Utakosea ubaoni mbele ya watoto. Kuna mtoto wa nyuma, mwenye shati limechanika, atanyoosha mkono aseme, mwalimu, hapo si hivyo. Wenzake watacheka. Damu itakupanda mpaka machoni. Dakika ile usimjibu. Geuka, shika dasta, futa, kisha ndipo uongee. Sikuwa na dasta, au nilikuwa nayo na sikuinyooshea mkono. Na yule mtoto asikose uji wa shule siku hiyo.

Bado nimekukasirikia. Ungeweza kuniambia kabla ya kuomba. Lakini nimejiuliza ningesema nini, na jibu nalijua, na wewe ulilijua, ndiyo maana ukaenda ofisini kimya. Ulifanya nilivyokufundisha: mtu wa nyumba hii akiogopa, hujificha. Acha tabia hiyo huku mlimani pamoja na sanduku jipya.

Jumapili ijayo nitakwenda sengu. Wamebaki wazee wanne, mmoja hasikii vizuri. Nitamsemea sikioni.

Umeniuliza asubuhi kwa nini nimemfunga miguu yule jogoo mwekundu, mkubwa, anayewapiga majirani zake. Mnakwenda naye. Mama yako amchinje mkifika, ampike kwa chumvi tu kama siku ile, apakue, wewe ufungue sanduku, ndipo uanze kusoma. Kwa hiyo sasa hivi, unaposoma hapa, chakula kiko mkekani na maji ya kunawa yako kwenye beseni. Kama mama yako amefuata maagizo yangu, jambo ambalo siku hizi sina uhakika nalo.

Shika karatasi vizuri, mwanangu. Yaliyobaki si yako, ni ya mjomba wako, msomee polepole.

Wilson, sikukupenda kabla ya boti na sijakupenda leo. Unaongea na chakula mdomoni, na neno lako ungeweza kulisubirisha mpaka wale watano waondoke. Mwanangu analala kwako kuanzia usiku wa leo, na sitamani awe kwa mtu mwingine yeyote. Dada yako yuko mbele yako. Ijumaa nitakuwa njiapanda kusubiri gari, nitasimama hata lisiposhusha mtu. Sanduku liko wazi hapo, kifuniko kimeangalia juu. Pitisha kidole, wewe huhitaji kuambiwa.

Shemeji, ilikuwa kabati. Nawa mikono, ule.

Baba Desderia,
fundi wa milango